Karatasi ya Mzee

Mimi si mtaalamu wa samaki, nakwambia mapema kabisa, msomaji. Ninachojua ni kuandika, tena na hilo ni kwa kubahatisha. Lakini tangu Mzee apatwe na kiharusi, tangi lake la kioo pale sebuleni kwetu Magomeni liliangukia mikononi mwangu: lita 60 za maji, samaki 12 aina ya gapi, na majani mabichi yanayoota mchangani humo humo ndani ya maji.

Kiharusi kilimlegeza mkono wa kulia, kikamfunga na ulimi. Mtu aliyekuwa akitufokea mpaka majirani wanasikia, sasa alibaki na maneno kama manne: "maji", "mama", "hapana", na jina langu, ambalo mara nyingine alimwitia dada. Kutwa anakaa kitini anatazama samaki. Nikajisemea, kama hicho ndicho kilichobaki kumfurahisha, basi samaki hawa washibe. Nikawa nawamwagia chakula asubuhi, mchana na jioni, wachangamke, Mzee aone.

Baada ya wiki mbili hivi, juu ya maji pakatanda kitu. Ukiinama ukatazama kwa pembeni, kinameremeta rangi rangi kama mafuta ya gari kwenye dimbwi. Ukikigusa kwa kidole kinapasuka vipande, halafu kinajiunga tena. Nikadhani ni vumbi la barabarani. Nikajifanya sikuoni, nikaendelea na hadithi zangu.

Mzee alikiona. Siku moja alinishika shati kwa mkono wa kushoto akatamka neno jipya: "Karatasi."

Jamani, furaha niliyopata! Nilikimbia chumbani nikaleta daftari na kalamu, nikamwekea mapajani. Kichwani nilishaanza kutunga: Mzee anataka kuandika. Labda ataniambia lile ambalo hajawahi kuniambia. Labda leo atakubali kwamba kuandika nako ni kazi. Akaisukuma kalamu ikaanguka chini. "Karatasi," akarudia, machozi yanamlenga. Mama akaingia kati: "Hebu mwache baba yako apumzike."

Usiku ule umeme ulikatika. Alfajiri nikakuta samaki wote wako juu, midomo wazi, wanahema kama watu waliokimbizwa. Wawili walishakufa. Nikawatoa haraka kabla Mzee hajaamka, lakini yeye huwa anawahesabu.

Nikaenda kwa jamaa mmoja anayeuza samaki wa mapambo. Akaniuliza maswali mawili tu: unawalisha mara ngapi, na bomba la chujio linamwaga maji wapi? Nikamwambia mara tatu, na bomba liko chini kabisa, nililizamisha mwenyewe kwa sababu mlio wake ulikuwa unanisumbua nikiandika. Akacheka. "Basi umewafunika blanketi, mshikaji."

Akanifafanulia. Utando ule ni mafuta na protini za chakula kilichobaki na majani yaliyooza, na bakteria wanajazana humo. Maji yakitulia, hakuna cha kuuvunja. Oksijeni huingia kwa kupitia uso wa maji, sasa utando unaizibia njia. Tena usiku majani hayatengenezi oksijeni. Nayo yanaitumia, kama samaki tu. Ndiyo maana alfajiri ndiyo saa mbaya, na umeme ukikatika ndiyo balaa.

"Sasa tiba yake?"

"Ya haraka ni karatasi. Nyeupe, isiyo na wino. Unailaza juu ya maji, unaivuta taratibu, utando unanata nayo."

Nilisimama pale kama nimepigwa kofi.

Nyumbani nilichukua karatasi nyeupe nilizonunua kwa ajili ya kuchapia hadithi. Nikasogeza kiti cha Mzee mpaka kwenye tangi, nikampa moja. Aliilaza kwa mkono wake wa kushoto, polepole, bila kuzamisha ncha, akaivuta mpaka ukingoni. Ilitoka na utelezi. Akanyoosha mkono, nikampa nyingine. Ya nne ikatoka safi. "Eee," akasema.

Bomba nimelipandisha, lifanye viwimbi vidogo tu, kwani maji yakirukaruka sana hewa ya ukaa inayohitajiwa na majani inapotea. Chakula ni mara moja kwa siku, kidogo. Majani yaliyooza nayatoa. Kila wiki nabadilisha robo ya maji, kwa maji ya bomba yaliyolala usiku kucha kwenye ndoo ili klorini ipungue.

Utando bado hurudi kidogo umeme ukikatika sana, na hapo Mzee huniita. Siku hizi hakosei jina. Kuhusu kuandika hajasema kitu, na mimi sijamuuliza. Hadithi niliyokuwa naiandika haijaisha, na karatasi zimebaki chache. Nitanunua nyingine mwisho wa mwezi, za kwangu na za kwake.