Bluu ya Padri

Mtatuuliza: katekista na merikebu ya watu wa Sweden wana neno gani pamoja? Twawajibu kwamba hatukuitafuta. Tuliikuta katika sanduku la karatasi ngumu, chumbani mwa Padri mmoja mzee aliyekaa miaka mingi sana katika misioni yetu hapa kando ya ziwa Tanganyika. Alipoona nguvu zinamwishia, alituita akasema: «Mwalimu, mimi sitaimaliza. Imalize wewe, uiweke shuleni watoto waione.» Majuma machache baadaye tulimzika.

Ndani ya sanduku mlikuwa vipande vya plastiki, nyuzi za kamba, karatasi ya maelezo iliyoanza kuraruka, na tezi ya merikebu, yaani sehemu ya nyuma, ambayo Padri alikuwa ameipaka bluu kwa mkono wake mwenyewe kabla sisi hatujazaliwa. Pembeni rangi ilikuwa imeguswa ingali mbichi. Alama ya kidole gumba inaonekana wazi.

Merikebu hiyo yaitwa Vasa. Ilijengwa Stockholm kwa amri ya mfalme Gustav Adolf wa pili, nayo ilitweka matanga mara ya kwanza tarehe 10 Agosti 1628, ikiwa na mizinga 64 ya shaba nyeusi. Haikufika mbali. Ilikwenda mita 1,300 hivi, upepo ukaipiga, ikalala ubavu, maji yakaingia kwa madirisha ya mizinga yaliyokuwa wazi, ikazama mbele ya macho ya watu wa mji. Yapata watu 30 walikufa. Juu ilikuwa nzito kupita kiasi, na mawe ya chini ya kuitia uzito hayakutosha. Tulipowasimulia wavuvi wetu habari hiyo hawakucheka. Katika ziwa letu pia watu hupakia mno, nao wanajua mwisho wake.

Tena tusifiche neno. Mfalme yule alikuwa akipigana na binamu yake Sigismund, mfalme wa Poland, naye Sigismund alikuwa Mkatoliki. Kwa hiyo huko mbele ya merikebu alichongesha wakuu wa Poland wameinama chini ya benchi, ili kuwadharau. Mvulana mmoja wa katekisimu anayetusaidia kazi aliuliza kama inafaa kuipaka rangi nzuri merikebu ya namna hiyo. Tulimwambia aendelee kukata vipande.

Basi, shida yetu ilikuwa rangi. Karatasi ya maelezo ilisema bluu, na sanamu zote dhahabu. Padri aliifuata, nasi tulikuwa tayari kuifuata. Lakini mwenzetu mmoja wa seminari, ambaye sasa ni padri anayesoma Ulaya, alipata nafasi ya kufika Stockholm akatuletea picha katika simu. Merikebu yenyewe imesimama ndani ya nyumba kubwa iliyojengwa kwa ajili yake na kufunguliwa 1990, nayo si ya bluu hata kidogo. Ni kahawia, karibu nyeusi, toka juu hata chini. Wavulana wakafurahi: kopo moja la kahawia na kazi imekwisha!

Tuliwazuia. Ubao uliolala chini ya maji, mita 32, tangu 1628 hata ulipoinuliwa tarehe 24 Aprili 1961, hauwezi kutuambia kwa macho tu ulikuwa namna gani siku ya kwanza. Ni ajabu kwamba ulibaki. Maji ya bahari ile ya Baltiki hayana chumvi nyingi, na mdudu yule anayekula mbao za vyombo katika bahari nyingine hawezi kuishi humo. Lakini rangi ni kitu kingine. Mafuta yaliyoishika yaliharibika, nayo ikaondoka.

Tukamwandikia mwenzetu tena, tukasoma na sisi katika simu kila tulipopata mtandao, maana kwetu hauji kila siku. Hapo tulijifunza jambo ambalo lilitunyima usingizi. Wataalamu wenyewe, miaka mingi, walidhani kwamba sanamu za Vasa zilikuwa za dhahabu juu ya bluu. Karatasi yetu haikutunga uongo, ilirudia yale ambayo wenye elimu walisema wakati huo. Kumbe sanamu zile, ambazo hesabu yake yakaribia 500, zilikuwa zimepigiliwa kwa misumari ya chuma. Chuma kikaliwa na kutu, sanamu zikaanguka katika matope, na matope yakazitunza. Katika mikunjo ya nguo zilizochongwa, katika ndevu na nywele, vilibaki vipande vya rangi vidogo mno. Katika miaka ya 1990 wataalamu walivitazama kwa darubini ya vitu vidogo, wakapima kila chembe imefanywa kwa nini. Ukuta wa nyuma ya sanamu ulikuwa mwekundu. Na sanamu hazikuwa dhahabu zote: zilipakwa rangi nyingi za kung'aa, ngozi rangi ya ngozi, nguo rangi za nguo. Dhahabu ilitiwa mahali pa heshima, kama simba wa mbele. Siku hizi karibu na merikebu ya kweli pamewekwa mfano wake, sehemu moja kwa kumi, uliopakwa hivyo. Mwenzetu alituletea picha zake ishirini.

Nyekundu, basi. Lakini nyekundu ipi? Katika simu yetu ilionekana kama chungwa lililoiva, katika simu ya mwalimu wa shule ilikuwa kama damu iliyokauka, na ni picha ileile. Tulikwenda kwa mzee mmoja, fundi wa mitumbwi, kwa kuwa katika neno la mbao na rangi twamwamini kuliko simu. Tulimweleza kwamba wachoraji wa zamani zile walipata nyekundu moja katika udongo wenye chuma, na nyingine, yenye kung'aa na ya bei, katika zebaki na kiberiti. Mzee akauliza: «Bwana Mwalimu, siku ile ya kuzama, chombo chako kilikuwa na umri gani majini?»

Tukamwambia kwamba ndiyo safari yake ya kwanza.

«Basi, mbona unataka kukizeesha? Jua halijakila. Kipake kama kipya.»

Hatukuwa tumewaza hivyo. Alituongezea shauri lingine, tuchanganye nyeupe kidogo, kwa kuwa kitu kidogo kikipakwa rangi ya kitu kikubwa huonekana cheusi kuliko ilivyo. Na chetu ni kidogo kweli: mita moja na nusu ya merikebu imekuwa sentimita moja tu, na simba yule wa mita tatu hapiti ncha ya kidole.

Hata hivyo burashi ilikaa kavu juma zima. Tezi ilikuwa mezani, bluu, na alama ya kidole gumba. Wengine walisema tuiache, maana kufuta kazi ya marehemu ni kukosa adabu. Wengine walisema watoto watafundishwa neno ambalo lajulikana si kweli. Sisi wenyewe tulikuwa pande zote mbili. Mwisho Mama aliyempikia Padri miaka yote aliingia kutafuta sufuria, akatukuta tumekaa mbele ya chombo, akauliza tunangoja nini. Tulipomwambia alicheka. «Baba yule? Hamkumbuki madaftari yenu?»

Tulikumbuka. Sisi tuliandika kwa bluu, naye alirudisha ukurasa mwekundu.

Jioni ile tulipaka. Hatukukwangua kitu. Nyekundu imekaa juu, na chini yake bluu ya Padri iko kama alivyoiacha. Ukipitisha ukucha polepole pembeni, wasikia kidole chake. Mvulana wetu wa katekisimu amepewa wakuu wa Poland, naye amewavika nguo safi kuliko watu wote chomboni. Bado simba. Twangoja kikopo cha rangi ya dhahabu kutoka Lubumbashi, na mchukuzi amesema labda Jumamosi, barabara ikikauka.