Ya Kutazama Dar es Salaam

Sisi wa Ipogolo twakaa kando ya Ruaha Mdogo, na njia kuu yapita kwetu kushuka mpaka pwani, mwendo wa kilomita 500 hivi. Kwa hiyo wasafiri hutuuliza: Tufikapo Dar es Salaam, tutazame nini?

Kwanza bandari, jinsi meli kubwa ziingiavyo kwa mlango mwembamba. Kisha kanisa la Kilutheri la Azania Front, lenye mnara na vigae vyekundu, lielekealo maji. Na Kanisa Kuu la Mtakatifu Yosefu. Yote mawili yalijengwa zamani za Wadachi.

Lakini msipite upesi penye sanamu ya Askari, ya shaba, iliyowekwa mwaka 1927. Watoto huitazama bunduki tu. Waambieni kwamba maandishi yake yawakumbuka na wapagazi wa vita ya 1914–1918, waliokufa kwa maelfu kwa maradhi na njaa. Majina yao hayakuandikwa pale, ila Mungu ayajua. Basi, kama nyumbani mwenu lakumbukwa jina la mmoja wao, litajeni hapo mbele ya watoto, lisipotee.