Mvumo wa Gurudumu

Mwenye gari asikiapo mvumo unaozidi kwa kadiri ya mwendo, aghalabu hulaumu matairi. Fundi mmoja alitaka kuniuzia mawili mapya. Nami, kwa kuwa nilikusudia kuteremka na watoto wangu njia ya Mai Mahiu, nilitaka kwanza kupata yakini.

Mvumo wa tairi hubadilika lami ibadilikapo. Wa beringi sivyo. Katika kona ya kushoto uzito huelemea magurudumu ya kulia, na hapo ndipo mvumo wangu ulipozidi. Basi nikaliinua gurudumu la mbele la kulia kwa jeki, nikaweka gogo imara chini ya gari, nikalishika juu na chini na kulitikisa. Likacheza. Mke wangu alipokanyaga breki halikucheza tena: dalili kwamba kasoro ni ya beringi.

Gari langu ni la zamani, beringi zake hufunguliwa. Tuliziosha kwa mafuta ya taa, tukaona vishimo katika chuma. Beringi ya namna hiyo haiponi kwa grisi, wauzaji waseme watakavyo; hubadilishwa pamoja na bakuli lake. Nati hukazwa huku gurudumu likizungushwa, kisha hulegezwa kidogo, maana ikibana mno beringi huungua. Pini ya kuizuia iwe mpya. Magari mengi ya siku hizi yana beringi zilizozibwa kiwandani, nazo hubadilishwa nzima.