Ulimwengu wa Aristotle na Maduara ya Kwetu

Sisi tunaosoma falsafa tukitokea majimbo ya Shinyanga na Geita tuna namna yetu ya kumsoma Aristotle. Anapofundisha kwamba dunia imetulia katikati ya ulimwengu, na kwamba kila kitu kizito hushuka kuelekea hapo kwa kuwa ndipo mahali pake pa asili, wenzetu wa mikoa mingine hufikiria embe linaloanguka. Sisi hufikiria duara, si la hesabu, bali lile la wachimbaji.

Mzee huyu hakuwa wa kubahatisha. Aliona kivuli cha dunia juu ya mwezi uliopatwa kina ukingo wa mviringo, akaamua kwamba dunia ni tufe. Kuhusu madini alikosea: alidhani dhahabu hutokana na mvuke ulionaswa ndani ya ardhi. Tena aliitenga mbingu na dunia, akisema nyota ni za kitu kingine kabisa, etha, kisichozeeka wala kuharibika. Leo wanasayansi wanatuambia dhahabu ilizaliwa huko huko kwenye nyota, katika migongano yao, kabla dunia haijawapo. Basi anayeponda mawe karashani kule Nyarugusu ameshika kipande cha mbingu. (Aristotle angeshangaa. Wachimbaji, hatudhani.)

Lakini ubishi wetu bwenini hauhusu etha. Unahusu Msogezaji Asiyesogezwa. Kwa Aristotle, huyo anajiwaza mwenyewe tu, nazo mbingu huzunguka kwa kumtamani. Je, anamjua aliyefukiwa? Mwaka 2015, huko Nyangalata, Kahama, wachimbaji watano waliopolewa wakiwa hai baada ya siku 41 chini ya ardhi. Walikuwa wakila mizizi, mende na vyura. Mwenzao wa sita alifia humo.

Mtakatifu Thoma wa Akwino aliipokea hoja ya mwendo, lakini hakuishia hapo: Mungu anakijua kila kimoja kimoja, kwa sababu ndiye anayekipa kuwapo. Hoja hii tunaikubali, na kwenye mtihani tunaiandika vizuri.

Ila mmoja wetu ana kaka maduarani Geita, na kila tukifika hapo huuliza, "Na yule wa sita?" Jumamosi iliyopita tulibishana hadi kengele ya ukimya ikagongwa, tukazima taa bila kumjibu.