London Nyingine, na Admirali Aliyeiona Barafu Ikipotea

Mkisikia London msikimbilie kwa Mfalme. Hii niliyoitembelea mimi ipo Marekani, jimbo la Connecticut, inaitwa New London. Na mto wao nao eti Thames! Walowezi wale walihama na majina yao kabisa.

Treni ya kutoka New York inapita pembeni ya maji, ukishuka tu unaona meli. Hapa ndipo kilipo chuo cha maofisa wa Walinzi wa Pwani. Gatini nilikuta Eagle, meli yao ya matanga, milingoti mitatu, urefu karibu mita 90. Ilitengenezwa Hamburg mwaka 1936, Wajerumani waliposhindwa vita Wamarekani wakaichukua. Makadeti mpaka leo wanaipanda milingoti ile kufunga matanga kwa mikono. Mimi kuwaza tu magoti yalilegea.

Jamaa mmoja aliyepitia chuo hiki ni Robert Papp. Alimaliza 1974, akapangiwa Adak, kisiwa cha Alaska chenye upepo na ukungu. Kijana mwingine angesema kaonewa. Mwaka 1976 meli yake, Ironwood, ilipambana na barafu ikielekea Kotzebue, huko ukanda wa Aktiki. Baadaye akaiongoza hiyohiyo Eagle, na mwaka 2010 akawa admirali mkuu wa Walinzi wa Pwani wote. Mwaka huohuo akarudi Kotzebue. Barafu wapi! Maji matupu mpaka upeo wa macho.

Takwimu za barafu unaweza kusoma mpaka usinzie. Mzee aliyesukumana nayo ujanani, akarudi asiikute, huyo lazima umsikilize. Alipostaafu 2014, serikali ikampa kazi ya mjumbe maalumu wa mambo ya Aktiki, akaifanya hadi 2017. Chuo nacho, mwaka huohuo wa 2014, kikaanzisha kituo cha kusomea sera za ukanda ule.

Maana barafu ikiondoka meli zinaingia, na maswali yanaingia nazo. Nani apite wapi? Meli ya watalii ikizama kule, nani wa kuifikia? Wenyeji je? Kijiji cha Shishmaref kilikuwa kinakingwa na barafu ya ufukweni dhidi ya mawimbi. Siku hizi inachelewa kuganda, bahari inakula ardhi, na mwaka 2016 wanakijiji walipiga kura kuhama. Hilo si somo la kukariri, bwana.

Halafu chuoni ada hakuna. Unalipa kwa kutumikia miaka 5, popote utakapopangiwa. Binamu yangu, kazaliwa hukuhuku, anataka kuomba nafasi. Shangazi kanivuta jikoni.

"Mwanangu, ongea naye. Alaska? Huyu hata maji ya baridi ya kuoga hayataki!"

Nikaongea naye. Anaomba.