Mchezo, Dawa na Haki ya Mzazi

Ndugu msomaji, nakuletea kisa cha nyumbani kwangu, kwani huenda nawe una mgonjwa ndani.

Mama yangu alipata kiharusi, mkono wake wa kulia ukalegea. Mtaalamu wa viungo alimwagiza auinue mara nyingi kila siku. Mwanzo alijitahidi, kisha akachoka. "Nimekuwa mtoto mimi, wa kuhesabiwa mkono?" alisema, machozi yakimlenga.

Mjukuu wake alikuwa na Nintendo Wii kuukuu, mashine ya michezo ya televisheni iliyotoka mwaka 2006. Mchezaji hushika rimoti inayohisi mwendo wa mkono. Akiupeleka mkono mbele, tufe huviringika kwenye kioo na kuangusha vigingi. Mimi nilikwisha kuapa kuitia jaani, kwa kuwa ilimpitisha kijana nyakati za sala. Siku moja natoka msikitini, namkuta mama ameketi, rimoti kaifunga mkononi, anacheza na kucheka. Mtaalamu tulipomwuliza aliridhia, kwa sharti acheze ameketi, kidogo kidogo, na aache akisikia kizunguzungu.

Sikufichi, hapo ndipo nilipokosea. Nikaona mashine imenipunguzia kazi. Kijana akenda zake shuleni, nami dukani, mama tukamwachia mashine. Baada ya wiki mbili rimoti ilishika vumbi. Nilipomwuliza alijibu: "Nicheze na nani, mwanangu?"

Wataalamu nao wamelipima jambo hili. Mwaka 2017 jumuiya ya Cochrane ilikusanya majaribio 72 yenye wagonjwa 2,470 wa kiharusi. Ilionekana kuwa, kwa kazi ya mkono, michezo ya video na mfano wake haishindi mazoezi ya kawaida. Ila ikiongezwa juu ya mazoezi hayo, muda wa kujinyosha ukazidi, yaweza kufaa.

Basi, msomaji, usikimbilie kukiharamisha kila kilicho kipya, wala usidhani chombo kitakulipia deni la mzazi. Mwili ni amana, na mzazi ni amana kubwa zaidi.

Siku hizi, baada ya Alasiri, nafunga duka nusu saa nikacheze naye, na mara nyingi hunishinda. Mkono haujarudi kama zamani, lakini kwa takbira sasa hufika begani. Mwenyezi Mungu awaponye wagonjwa wetu, na atujaalie kuwakumbuka wazee wetu wangali hai. Amin.