Kufundisha Kiingereza Kando ya Lualaba

Chukua ramani ya Kongo, uufuate kwa kidole mto Lualaba kutoka kusini kwenda kaskazini. Kabla haujafika Kisangani, ambako huanza kuitwa Kongo, utauona umepita kando ya mji wa Kindu, makao makuu ya jimbo la Maniema. Reli itokayo kusini hukoma hapa. Atakaye kwenda mbele hushuka mto kiasi cha kilomita 300 mpaka Ubundu, na kutoka hapo, kwa sababu ya maporomoko, ilijengwa reli nyingine ya kilomita 125 mpaka Kisangani. Siku hizi treni hupita kwa nadra, na mwenye kungojea mzigo hujifunza kwanza uvumilivu.

Katika mji huo sisi tuliozaliwa Tanzania tunafundisha Kiingereza. Alfajiri husikika adhana, maana Waislamu ni wengi Maniema kuliko sehemu nyingine nyingi za Kongo. Kisha hulia kengele ya kanisa. Baada ya Misa twashika njia ya shule. Wakati huo wanafunzi wakaao Alunguli, ng'ambo ya pili, wanashuka mitumbwini, viatu mkononi na daftari zimefungwa katika mfuko zisilowe. Akina mama wanapita na mchele, mihogo na mawese kwenda sokoni, nao hutusalimu: "Yambo, Profesa!" Huku mwalimu wa sekondari huitwa hivyo, hata asiye na shahada kubwa.

Mgeni atokaye pwani hudhani Kiswahili chake kitamtosha. Kitamtosha, lakini kwanza atafunzwa. Wenyeji husema "mutoto" na "muzuri". Husema "tuko na kitabu" pale tusemapo "tuna kitabu". Na kisamvu tulichokula nyumbani hapa huitwa sombe. Wako wageni wanaocheka wasikiapo maneno hayo. Sisi twaona si jambo la kuchekwa. Kiswahili hiki ndicho walichonyonya kwa mama zao, ndicho wanachosali nacho, na ndicho wanacholilia wafu wao.

Tena yafaa kukumbuka jinsi lugha zilivyofika hapa. Kiswahili kililetwa katika karne ya 19 na misafara iliyotafuta pembe za ndovu na watumwa, ikafanya vituo vyake Nyangwe na Kasongo, kusini mwa Kindu. Tarehe 15 Julai 1871 David Livingstone alishuhudia watu wakipigwa risasi katika soko la Nyangwe, wengi wao wanawake waliokuja kuuza vitu vyao. Kifaransa nacho kilikuja na utawala wa mfalme Leopold wa Pili, ambao majeshi yake yaliwashinda Waarabu katika vita vya 1892 hadi 1894. Lugha zote mbili, basi, ziliingia zikitanguliwa na bunduki. Hata hivyo watu wa Maniema wakakitwaa Kiswahili, wakakifanya chao. Twaliona jambo hilo kuwa neema ya Mungu na ushindi wa wanyonge.

Sasa Kiingereza kinakuja na chaki tu. Haja yake imeongezeka tangu 2022, Kongo ilipojiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambayo shughuli zake nyingi huendeshwa kwa lugha hiyo. Darasani vitabu ni vichache, kwa hiyo twaandika somo lote ubaoni. Wanafunzi, waliolelewa shuleni kwa Kifaransa, huona neno "library" wakalidhania "librairie", yaani duka la vitabu; basi twawaeleza kwamba huko vitabu huazimwa, haviuzwi. Tukieleza kwa Kifaransa, darasa hunyamaza kwa adabu. Tukieleza kwa Kiswahili, mikono huinuka.

Lakini yako mambo ambayo ubao hauyatatui. Shule za msingi za serikali zilitangazwa kuwa za bure mwaka 2019. Za sekondari bado wazazi hulipa. Kuna asubuhi ambapo viti kadhaa huwa vitupu, nasi twajua kwamba wenyewe wamerudi nyumbani kutafuta karo. Kijana mmoja, aliyerudi baada ya majuma mawili, alituuliza mbele ya wenzake: "Profesa, Kiingereza hiki kitanitoa Kindu?" Darasa zima likatutazama. Kumjibu "ndiyo" kungekuwa kumwahidi tusilo nalo. Kumjibu "hapana" kungekuwa kumzimia taa. Tulimwambia tu kwamba asome, na kwamba lugha ni mali isiyoibwa.

Jibu lililo bora alilitoa mwanafunzi mwingine. Bibi yake alinunua dawa sokoni, na karatasi iliyokuwamo iliandikwa kwa Kiingereza. Muuzaji alimwambia anywe vidonge vitatu kwa siku. Msichana akaisoma ile karatasi polepole, akaona imeandikwa viwili, tena baada ya chakula. Asiamini macho yake, akatuletea. Tukasoma pamoja, tukakuta amesoma sawasawa. Tukampeleka zahanati, na mwuguzi akathibitisha. Kesho yake alilisimulia darasa kwa Kiswahili cha Kindu, na yule kijana wa karo alisikiliza kuliko wote.

Enyi wazazi na wanafunzi, elimu si ngazi ya kuwapandia wengine vichwani, wala si tiketi ya kukimbilia mbali tu. Atakayeondoka aende kwa amani. Lakini na ajue kwanza kumsomea bibi yake. Siku ya Pentekoste Roho Mtakatifu hakuwaondolea watu lugha zao: kila mmoja alisikia habari njema kwa lugha ya kwao. Mwalimu wa lugha ya kigeni, akiwa Kindu au penginepo, asiongeze neno jipya kinywani mwa mtoto kwa kumwaibisha kwa yale ya kwanza.